Kamisaa Aliyeasi

Jioni ya Novemba 8, 1975, manowari ya Kisovieti Storozhevoy ilikuwa imetia nanga Riga baada ya sherehe za Mapinduzi ya Oktoba. Ofisa wake wa siasa, Valery Sablin, alimhadaa nahodha Potulny hadi akashuka vyumba vya chini, akamfungia humo. Mabaharia nao wakaonyeshwa filamu ya Eisenstein kuhusu uasi wa manowari Potemkin mwaka 1905, filamu ambayo Chama cha Kikomunisti chenyewe kiliwafundisha kuienzi.

Uasi melini si jambo geni. Ajabu ni aliyeasi, maana cheo chake kilibuniwa kuzuia mambo kama hayo. Mwaka 1918 Trotsky, mkuu wa Jeshi Jekundu, alilazimika kuwatumia maofisa wa zamani wa mfalme, kwa kuwa Wabolsheviki waliojua kuongoza vita walikuwa wachache. Hakuwaamini. Wakawekewa ubavuni makamisaa, yaani maofisa wa siasa wa chama, na amri isiyo na saini ya kamisaa haikuwa amri.

Tangu hapo madaraka yao yalipanda na kushuka kadiri Kremlin ilivyoingiwa na hofu. Stalin aliwarudisha 1937 akiwa anawafagia majenerali, akawaondoa 1940, akawarudisha tena Wajerumani walipovamia 1941. Hitler alikwisha kuagiza kwamba kamisaa akitekwa apigwe risasi. Kisha Mei 1942, huko Kerch, Lev Mekhlis, mkuu wa siasa jeshini, alimwingilia kazi Jenerali Kozlov mpaka jeshi likasambaratika. Oktoba mwaka huo Stalin akakata shauri: kamanda ni mmoja, mtu wa siasa ni naibu wake.

Unaibu huo ndio alioushika Sablin. Aliwafundisha mabaharia nadharia za Lenin, naye akaziamini kuliko waliomtuma. Kiongozi wa nchi, Brezhnev, mwenyewe ofisa wa siasa wakati wa vita, Sablin alimwona kuwa msaliti wa mapinduzi. Nia yake ilikuwa kuifikisha manowari Leningrad na kuwahutubia wananchi kwa redio.

Hakufika. Ndege zilidondosha mabomu, mabaharia wakamfungua nahodha, naye akampiga Sablin risasi ya mguu. Sablin hakuua mtu, lakini Agosti 3, 1976 aliuawa kwa kosa la uhaini. Mwaka 1994 mahakama ya Urusi iliipunguza adhabu hiyo: kifungo cha miaka 10, kwa mtu aliyekwisha kufa miaka 18 nyuma.