Fahamu: Dawa ya picha ya CT na figo zako

Kabla ya picha ya CT, mgonjwa mara nyingi huchomwa mshipani dawa yenye iodini. Sekunde chache tu, joto linatambaa mwilini, mdomoni inakuja ladha ya chuma, na wengine huapa kuwa wamejikojolea. Hawajajikojolea. Dawa hiyo huing'arisha mishipa ya damu kwenye picha, kisha figo huitoa kwa mkojo.

Hapo ndipo penye hofu. Figo zilizokwisha kuchoka zinaweza kuumia, na kreatinini, taka ya damu ambayo figo huitoa, ikapanda ndani ya siku mbili tatu. Ila hofu yenyewe imekuzwa mno: mwenye figo nzima hana sababu ya kukataa kipimo. Wa kuangaliwa hasa ni yule ambaye kiwango cha figo kuchuja damu kiko chini ya mililita 30 kwa dakika, au figo zake zimeumia ghafla.

Huyo hutundikiwa dripu ya maji ya chumvi kabla na baada ya picha, na dawa hiyo ya iodini hupunguzwa. Vidonge vya asetilisisteini, vilivyoaminiwa miaka mingi kuwa hulinda figo, havikufua dafu: utafiti wa PRESERVE wa 2018, kwa wagonjwa karibu 5,000 waliopigwa picha za mishipa, haukuona faida yake.

Ukiwa na kisukari au presha, uliza kreatinini yako kabla ya kupanda kitanda cha CT. Taja pia metformini ya kisukari kama unaimeza, na zile diklofenaki za maumivu unazojinunulia dukani.