Bogoro katika kitabu cha safari: kiandikwe nini?

Anayetoka Bunia kwenda Kasenyi anapita Bogoro, karibu kilometa 25 kutoka mjini, pale njia inapogawanyika: moja inashuka ziwani, ingine inaelekea Geti. Wengi hawasimami. Jina la kijiji wanalijua kupitia redio na mahakama ya La Haye, si kupitia matembezi ya siku ya Mungu.

Vitabu vya kuongoza wasafiri si jambo jipya. Mwaka 1949 ofisi ya utalii ya Congo Belge ilitoa kimoja kinene, kwa ajili ya wazungu. Zamani zile meli zilivuka kutoka Kasenyi mpaka Butiaba, Uganda. Mwaka 2008 Sean Rorison naye akaandika kitabu cha Bradt juu ya Congo zote mbili. Lakini kitabu kinachobeba nchi nzima hakina nafasi ya kijiji. Ukurasa wa kweli juu ya Bogoro lazima uandikwe na watu wa hapa hapa, na kwanza kwa ajili ya wakaaji wa Bunia.

Cha kuandika kipo. Bunia iko juu ya metre 1,200, Ziwa Albert liko kwenye 619 hivi. Kwa hiyo safari inaishia kwa kushuka, na joto linaongezeka mpaka koti la asubuhi linavuliwa. Kuna malisho ya ng'ombe, kuna maziwa, kuna samaki wanaopandishwa na pikipiki kutoka Kasenyi na Tchomia. Mwandishi asiandike tu « mandhari nzuri ». Aseme njia inakuwaje kisha mvua, msafiri atakula wapi, na saa ngapi arudi ili giza lisimkute njiani.

Tena aweke tarehe kwa kila habari. Tangu Mei 2021 Ituri iko chini ya état de siège, na habari ya usalama ya wiki iliyopita inaweza kuwa ya uongo leo. Kitabu kisichosema hivyo kinaweza kuua mtu. Kimwelekeze msomaji aulize wamotari na shefu wa kijiji mbele ya kuondoka, na kimkataze kupiga picha bariyeri ao kambi ya askari.

Kisha kuna tarehe 24 Februari 2003. Siku ile wapiganaji walivamia Bogoro, raia wengi wakauawa, wengine ndani ya shule, nyumba zikachomwa na mali ikaporwa. Mahakama ya La Haye ilimwachilia Mathieu Ngudjolo mwaka 2012, ikamhukumu Germain Katanga miaka 12 mwaka 2014. Mwaka 2017 iliamuru malipo kwa wahanga 297: dola 250 za alama kwa kila mmoja, pamoja na msaada wa pamoja kama nyumba na masomo.

Kuficha haya ni kudanganya mgeni, na kuwakosea waliobaki. Lakini kuyaweka kama kivutio ni vibaya zaidi. Sentensi chache zenye tarehe zinatosha. Waliohukumiwa watajwe kwa majina yao, si kwa kabila, maana mahakama haikuhukumu kabila. Asiwepo mtu wa kusukumwa asimulie mbele ya kamera eti kwa sababu mgeni amelipa. Shule ile ni ya watoto: mgeni haingii bila ruhusa ya mkubwa wa shule, na siku za masomo afadhali apite tu, aendelee kushuka ziwani.