Fahamu: Utapeli wa simu unaojificha nyuma ya fedha za Serikali

Utapeli huu wa simu ni udanganyifu ambamo mhalifu hujifanya mtumishi wa umma ili mlengwa atume fedha au ataje namba yake ya siri. Na mkoani Dodoma, ambako wizara zimehamia Mtumba, mtu anayedai kupiga simu kutoka wizarani huweza kuaminika kwa wepesi wa kusikitisha.

Chambo kimojawapo ni mikopo ya asilimia 10, yaani sehemu ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa wanawake (asilimia 4), vijana (asilimia 4) na watu wenye ulemavu (asilimia 2). Mikopo halisi haina riba, na vikundi huiomba kupitia afisa maendeleo ya jamii wa kata. Hivyo anayemwahidi mkulima wa Bahi au Kongwa mkopo huo kwa simu, huku akidai kwanza “ada ya usajili”, ni tapeli, hata akilitaja jina kamili la mlengwa. Ruzuku za TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii) nazo haziombwi kwa simu, bali huzifikia kaya zilizotambuliwa kijijini, mbele ya mkutano wa hadhara.

Ujumbe wa kitapeli usifutwe, kwa kuwa ni ushahidi: utumwe kwenda 15040, namba iliyowekwa kwa ajili ya kuripoti utapeli, kisha itajwe namba iliyoutuma. Aliyekwisha kutuma fedha ampigie mara moja mtoa huduma wake, kabla hazijatolewa kwa wakala, na afike polisi bila aibu yoyote, kwani aibu hiyo ni ya mhalifu.