Pakiti Hiyo ya Mbegu za Nyasi Irudishe Dukani

Swali limeletwa tena, safari hii na picha ya pakiti iliyonunuliwa Kariakoo: "Mtaalamu, mchanganyiko upi wa mbegu za nyasi hausumbui kutunza?" Kwa Dar es Salaam, hakuna.

Geuza pakiti usome nyuma. Ukikuta Lolium, Festuca au Poa, umeshika nyasi za nchi za baridi. Kule wanazichanganya kwa sababu ya maana: Lolium huota ndani ya wiki moja hivi na kuushika udongo, Poa hufuata wiki mbili hadi nne, Festuca huvumilia kivuli. Moja ikishindwa, nyingine huziba pengo. Hapa zote hushindwa kwa sababu ileile. Zinataka nyuzijoto 15 hadi 24. Februari yetu hupiga 32 mchana, na usiku haupoi. Joto hilo hupunguza chakula ambacho jani hutengeneza mchana, kisha usiku mmea hupumua kwa kasi na kukimaliza hata hicho kidogo. Mizizi inafupika, ukungu unaingia, nyasi zinageuka manjano. Ukiongeza maji unaulisha ukungu, na ukiongeza mbolea unaharakisha kifo.

"Mbona kwa jirani zimekubali?" Hazijakubali. Nenda ukavute shina moja. Likiwa linatambaa juu ya ardhi na kutoa mizizi kila kifundo, huo ni ukoka, Cynodon dactylon, uliojiotea wenyewe huku jirani akimwagilia mbegu zake asubuhi na jioni. Lolium haitambai, huota kwa vishungi. Shina jingine lizungushe kati ya vidole: ukisikia pembe tatu, hiyo ni ndago, na huenda imekuja na lori la udongo mweusi. Mbegu zilikufa, sifa ikaenda kwa pakiti, na kwa ushuhuda huo mtaa mzima unatumwa dukani. Inaniudhi, maana fedha inayopotea ni ya watu waliojibana miaka kujenga.

Basi fanya hivi. Penye jua kutwa, panda vipande vya ukoka, sentimita 15 kati ya kimoja na kingine, masika yanapoanza mwezi Machi. Chini ya mwembe, nyasi za Pemba, zile za jani pana. Kama kisima chako kina chumvi, paspalamu, yaani Paspalum vaginatum. Vipande ulizia kwenye vitalu vya kando ya barabara. Samadi iwe imeoza kabisa. Ndago ichimbe mpaka vinundu vyake kabla hujapanda chochote. Sehemu moja, aina moja.

Na wewe unayeishi Kariakoo kwenyewe, ambaye ua wako umebanwa na maghorofa na jua hulioni hata saa mbili kwa siku, usipande nyasi yoyote. Mwaga kokoto, weka vyungu vya mimea ya kivuli.