Punje ya Dhahabu Ndani ya Uvimbe

Wanangu wa Tunduma na Vwawa, nanyi wa Mkwajuni, sogeeni. Leo nawasimulia habari za dhahabu, ila si ya pete wala mikufu.

Mnaoishi karibu na machimbo ya Saza na Mkwajuni mmeona jiwe likitolewa duarani, likasagwa kwenye karasha, likaoshwa mwaloni, kisha zebaki ikamwagwa ili ikamate dhahabu. (Zebaki ikichomwa, kaeni mbali kabisa. Moshi wake ni sumu ya ubongo na figo.) Dhahabu hiyo hiyo, ikisafishwa kikamilifu, huingizwa mwilini mwa mgonjwa wa saratani.

Mfikirieni babu wa Tunduma mwenye saratani ya tezi dume. Anasafiri zaidi ya kilomita 900, kwa basi au kwa treni ya TAZARA, mpaka Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, kutibiwa kwa mionzi. Mionzi haitolewi yote kwa mkupuo, maana nyama nzima iliyo jirani na uvimbe lazima ipate muda wa kupona. Kwa kawaida mgonjwa hupigwa mionzi kidogo kidogo, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki kadhaa. Muda wote huo anahitaji pa kulala, chakula na mtu wa kumuuguza, na shamba lake la kahawa kule Mbozi halina wa kulipalilia.

Tena tezi dume haitulii. Kibofu kikijaa, inasogea milimita kadhaa, na mionzi inaweza kukosa shabaha. Kwa hiyo katika hospitali nyingi duniani daktari huchoma sindano na kuacha ndani ya tezi punje chache za dhahabu, kila moja unene wa milimita 1 hivi na urefu wa milimita 3 hadi 5. Kwenye picha zinaonekana wazi, na mtaalamu anailenga mashine kwa kuzifuata. Dhahabu haishiki kutu, hivyo hubaki humo maisha yote bila kudhuru.

Wilfred Ngwa, mwanafizikia mzaliwa wa Kameruni aliyefanya kazi Harvard na Johns Hopkins huko Marekani, hakuridhika. Punje imeshaingia kwenye uvimbe. Kwa nini ikae bure? Yeye na wenzake wakabuni punje zilizobeba dawa, au chembechembe za dhahabu ndogo kupindukia, ndani ya polima inayoyeyuka taratibu. Mgonjwa haongezewi sindano hata moja.

Chembe hizo zinafanya nini? Atomu ya dhahabu ina protoni 79, ya oksijeni mwilini mwetu ina 8 tu. Eksirei nyingi zinazopenya nyama kirahisi hunaswa na dhahabu, nayo hurusha elektroni. Elektroni hizo haziendi mbali. Zinaishia hapo hapo, zikivunja vinasaba vya seli ya saratani. Mwaka 2004 mtafiti James Hainfeld na wenzake waliwadunga panya wenye uvimbe dhahabu ya nanomita 1.9, kisha wakawapiga mionzi. Baada ya mwaka, asilimia 86 walikuwa hai. Kati ya waliopata mionzi peke yake, waliokuwa hai ni asilimia 20 tu.

Panya si binadamu, ni kweli. Lakini mwaka 2019 yalitoka matokeo ya wagonjwa waliodungwa oksidi ya hafniamu, madini mengine mazito, ndani ya uvimbe wa nyama laini kabla ya mionzi na upasuaji. Asilimia 16 yao walikutwa uvimbe umekufa karibu wote, dhidi ya asilimia 8 ya waliopata mionzi bila hafniamu.

Ngwa anataka kwenda mbali zaidi: punje itoe dawa inayoamsha askari wa kinga, waijue saratani na kuifuata hata sehemu ambazo mionzi haikufika. Bado ni utafiti. Ukifaulu, mizunguko ya mionzi itapungua, babu wa Tunduma atakaa Dar siku chache badala ya wiki nyingi, na mashine ile ile itahudumia wagonjwa wengi zaidi walio kwenye foleni.