Kazi ya mapokezi hotelini: Uliza haya kabla kijana hajavuka mpaka

Mfanyabiashara wa Namanga anajua bei ya mchele pande zote mbili. Mshahara wa mapokezi nao hubadilika ukivuka. Tanzania, kima cha chini hufuata daraja: hoteli ya kitalii huizidi nyumba ya wageni. Kenya hufuata mji: Nairobi na Mombasa huzidi miji midogo, na asiyepewa nyumba huongezewa posho ya asilimia 15.

Hoteli nyingi hutaka kidato cha nne, cheti cha mapokezi, Kiingereza na kompyuta.

Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, lililoanza Julai 2010, limefungua milango ya ajira, lakini kibali cha kazi bado kinatakiwa. Nani atakilipia? Jibu liandikwe kwenye mkataba kabla ya safari.