Je, Wajua? Batamzinga wa Nsambya hana ndugu porini Afrika

Batamzinga anayefugwa uani Nsambya, Kampala, ni mgeni. Asili yake ni Amerika, na alianza kufugwa Meksiko zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Huko Marekani wako wa mwituni hadi leo, na wapo wanaowawinda kwa upinde. Afrika hakuna hata mmoja wa porini.

Ndege wetu wa kulinganisha naye ni kanga: macho makali, hukimbia zaidi kuliko kuruka, na usiku hulala juu ya mti. Ila ni mdogo, uzito wake ukiwa kilo 1 na ushei tu, kwa hiyo kumlenga ni kazi ngumu zaidi.

Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, Tanzania, bado wanamwinda kanga kwa upinde. Tazama mshale wenyewe: kwa ndege hutumika ncha ya mti mtupu iliyochongwa kali, bila chuma wala sumu. Sumu, inayopikwa kutokana na utomvu wa mmea uitwao mdagu, huwekewa wanyama wakubwa. Kamba ya upinde ni kano za mnyama, na kuivuta kunahitaji nguvu ya kunyanyua kilo 30 au zaidi. Watoto wa kiume huanza na pinde ndogo wakiwa bado wadogo kabisa, na ustadi huo unastahili heshima kubwa.

Msomaji wa Kampala asijaribu: Uganda, kuwinda wanyamapori wanaolindwa bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2019.